Watu Weusi wa Mwanzo Katika Jimbo la Oregon: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Oregon iko pwani ya magharibi ya Marekani, California ikiwa kusini yake na Washington kaskazini. Miaka ya karibuni familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, zimehamia Portland na vitongoji vyake. Mgeni akishazoea mabasi na mvua, huanza kuuliza swali moja ambalo wenyeji wengi hulikwepa. Tuanze nalo.

Mbona Wamarekani Weusi ni wachache hivi Oregon?

Kwa sababu walikatazwa kuja. Utasikia watu wakisingizia baridi, au umbali kutoka mashamba ya pamba ya Kusini. Chicago ina baridi kuliko Portland na Weusi walihamia huko kwa malaki. Oregon ilitunga sheria tatu za kuwazuia, mwaka 1844, 1849 na 1857, na hiyo ya tatu ikawekwa ndani ya katiba ya jimbo, ikakaa humo hadi 1926. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 52,465 Oregon nzima. Weusi walikuwa 128. Miaka thelathini baadaye, reli ikiwa imeshafika, walikuwa 1,186 tu.

Mtu Mweusi wa kwanza kukanyaga Oregon ni nani?

Katika maandishi yaliyobaki, ni Markus Lopius, kijana wa visiwa vya Cape Verde. Nahodha Robert Gray alimchukua huko kama mtumishi wake meli za msafara wao zilipotia nanga zikielekea Pasifiki. Agosti 1788 chombo cha Gray, Lady Washington, kiliingia katika ghuba ya Tillamook. Lopius alishuka na wenzake kukata majani ya mifugo ya melini, akachomeka panga lake mchangani. Mmoja wa wenyeji akalichukua na kukimbia. Lopius akamfukuza peke yake mpaka katikati ya kundi la watu, na huko akauawa. Gray akaiita ghuba hiyo Bandari ya Wauaji, na chombo kikaondoka.

Kwa hiyo historia hii inaanzia baharini, si shambani. Weusi kadhaa wa mwanzo Oregon walikuwa mabaharia, kama utakavyoona.

Na York je? Si ndiye wa kwanza?

York ndiye maarufu zaidi. Alikuwa mtumwa wa William Clark, mmoja wa viongozi wawili wa msafara wa Lewis na Clark uliovuka bara kati ya 1804 na 1806. Aliwinda, aliuguza wagonjwa, alipiga makasia, alibeba silaha. Watu wa makabila mengi njiani walikuwa hawajawahi kuona mtu mweusi, wakawa wanamsugua ngozi kuona kama ni rangi ya kupakwa.

Novemba 1805 msafara ulifika mdomo wa Mto Columbia, mvua ikiwanyeshea mfululizo. Ilibidi waamue wapige kambi wapi kupitisha baridi. Kila mtu aliulizwa maoni yake na jibu likaandikwa, York akiwemo, na Sacagawea, mwanamke wa Kishoshoni aliyekuwa nao, akiwemo. Walivuka kwenda ng'ambo ya kusini, upande wa Oregon, wakajenga Fort Clatsop.

Waliporudi wenzake walilipwa fedha na kupewa ardhi. York hakupewa kitu. Aliomba aachwe huru, au angalau akaishi Louisville karibu na mkewe, Clark akakataa. Barua za Clark mwenyewe kwa kaka yake zinaonyesha kwamba alimpiga York kwa sababu ya kung'ang'ania jambo hilo. Miaka mingi baadaye Clark alisema alishamwachia huru.

Nimesoma kwamba Oregon ilikataza utumwa. Sasa iweje iwafukuze Weusi?

Hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa, maana tumezoea kudhani kwamba anayepinga utumwa anampenda mtumwa. Walowezi wa Oregon waliweza kuchukia vyote viwili, utumwa na mtu mweusi mwenyewe, bila kuona mgongano wowote.

Wengi wao walitoka Missouri, Kentucky na majimbo jirani. Walikuwa wakulima wadogo, si matajiri wa mashamba makubwa. Kwao, bwana mwenye watumwa ishirini alikuwa mshindani wasiyemweza. Walipopanda magari ya kukokotwa na maksai na kusafiri miezi mitano au sita kwenda magharibi, walitaka nchi isiyo na bwana huyo. Walichotaka pia ni nchi isiyo na Mweusi yeyote, awe mtumwa au huru. Mwaka 1843 serikali yao ya muda ilikataza utumwa. Mwaka uliofuata ikakataza watu.

Sheria ya 1844 ilisema nini hasa?

Mwenye watumwa alipewa miaka mitatu awaondoe. Mtumwa ambaye hakuondolewa angehesabika huru, lakini uhuru huo ulikuwa wa kufungashiwa virago: mwanamume Mweusi aliye huru alipewa miaka miwili kutoka nchini, mwanamke mitatu. Akikaidi, achapwe viboko visivyopungua 20 wala kuzidi 39, na adhabu irudiwe kila baada ya miezi sita mpaka aondoke. Watu huiita Sheria ya Viboko mpaka leo.

Aliyeisukuma ni Peter Burnett, mwanasheria kutoka Missouri. Hata baadhi ya walowezi wenzake waliona imepitiliza. Desemba mwaka huohuo viboko vikaondolewa, mahali pake pakawekwa kazi ya kulazimishwa chini ya yule ambaye angekubali kumtumikisha mhusika kwa muda mfupi zaidi kisha amtoe nchini. Mwaka 1845 sheria nzima ikafutwa kabla mtu yeyote hajaadhibiwa kwayo. Burnett baadaye alikwenda California, akawa gavana wa kwanza wa jimbo hilo, na huko pia akataka Weusi wazuiwe kuingia. Huko wabunge walimkatalia.

Kisa cha Cockstock ni kipi?

Ndicho walichokitumia kujitetea. Mlowezi Mweusi aitwaye Winslow Anderson alimwajiri Cockstock, mtu wa wenyeji wa asili, kwa ahadi ya kumlipa farasi. Kabla kazi haijaisha, Anderson alimuuzia farasi huyo Mweusi mwingine, James Saules. Saules alikuwa baharia na mpishi wa meli ya utafiti ya Marekani iliyovunjikia kwenye mdomo wa Columbia mwaka 1841, akaamua kubaki. Cockstock alidai mali yake, ugomvi ukakua, na Machi 1844 mapigano yakazuka pale Oregon City. Cockstock aliuawa, na wazungu wawili walikufa kwa majeraha.

Chanzo chake kilikuwa deni la farasi, jambo ambalo baraza la wazee lingelimaliza kabla ya jua kuzama. Walowezi walilisoma vingine: kwamba Weusi ni wachokozi, na kwamba ipo siku wataungana na wenyeji wa asili dhidi ya wazungu. Hofu hiyo ya muungano ilirudiwa tena na tena. Samuel Thurston, mjumbe wa Oregon mjini Washington, mji mkuu wa Marekani, aliitumia waziwazi mwaka 1850 alipokuwa akitetea sheria ya ardhi inayowaacha Weusi nje.

Kuna mtu aliyefukuzwa kweli?

Mmoja tu anajulikana kwa hakika. Jacob Vanderpool, baharia mwenye asili ya visiwa vya Karibea, alikuwa na biashara ya chakula na malazi Oregon City. Mwaka 1851 mzungu aitwaye Theophilus Magruder, naye mwenye nyumba ya wageni, alimshtaki kwa kuvunja sheria ya 1849 iliyomkataza Mweusi mgeni kuingia na kukaa. Wakili wa Vanderpool alisema sheria hiyo inakwenda kinyume na katiba. Jaji Thomas Nelson hakushawishika, akampa siku 30 aondoke. Kwamba mshtaki alikuwa kwenye biashara ileile ya mshtakiwa, msomaji apime mwenyewe.

Mwaka huohuo Abner Francis na ndugu yake, wafanyabiashara wa Portland, waliamriwa kuondoka pia. Wao walipona kwa sababu wakazi weupe zaidi ya 200 walitia sahihi ombi la kuwatetea. Duka lao lilikuwa na wateja. Francis alikuwa rafiki wa Frederick Douglass, mpigania uhuru mashuhuri, akawa anamwandikia habari za huko magharibi ili zichapishwe gazetini.

Sheria ya 1849 ilifutika mwaka 1854, bunge la eneo (Oregon ilikuwa bado haijawa jimbo) lilipokuwa likisafisha vitabu vyake.

Basi kura ya 1857 ilihusu nini, kama sheria ilishafutika?

Oregon ilikuwa inaomba kuwa jimbo kamili, na kwa hilo ilihitaji katiba. Wajumbe walikwepa kuamua masuala mawili moto, wakayatupia wapiga kura, yaani wanaume weupe. Tarehe 9 Novemba 1857 matokeo yalikuwa hivi: katiba ilikubaliwa kwa kura 7,195 dhidi ya 3,215. Utumwa ulikataliwa kwa kura 7,727 dhidi ya 2,645. Na Weusi walio huru kuruhusiwa kuingia? Waliosema ndiyo ni 1,081. Waliosema hapana ni 8,640.

Linganisha namba hizo kidogo. Kuwakataa Weusi kulipata kura nyingi kuliko kuukataa utumwa, na nyingi kuliko katiba yenyewe. Katika mambo yote yaliyopigiwa kura siku ile, hilo ndilo watu wa Oregon walilokubaliana zaidi.

Kipengele kilichoingia katibani kilisema Mweusi au chotara asiyekuwapo tayari haruhusiwi kuingia, kukaa, kumiliki ardhi, kufanya mkataba wala kufungua kesi. Tarehe 14 Februari 1859 Oregon ikapokelewa kuwa jimbo. Ndilo jimbo pekee lisilo na utumwa lililopokelewa Marekani likiwa na kipengele cha namna hiyo katika katiba yake.

Kama karibu hakuna aliyefukuzwa, sheria hizo zilidhuru nini?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii iliua. Familia ya Weusi huru iliyoko Missouri au Ohio, ikipanga kuuza kila ilicho nacho na kuvuka bara zima, ilitosha kusikia tu kwamba Oregon kuna sheria hiyo. Wangekwenda California, au wangebaki. Askari wa kuwafukuza hakuhitajika.

Halafu kulikuwa na ardhi, na ardhi ndiyo iliyowavuta watu Oregon. Sheria ya 1850 iligawa bure ekari 320 kwa mwanamume asiye na mke, na ekari 640 kwa mtu na mkewe. Waliostahili ni wazungu, na machotara wa wazungu na wenyeji wa asili. Mweusi hakuwamo. Na ardhi yenyewe ilikuwa ya wenyeji wa asili, ambao wengi wao walikuwa hawajatia sahihi mkataba wowote wa kuiachia. Zawadi hiyo ilirithiwa na watoto na wajukuu. Aliyenyimwa mwaka 1850 alinyimwa pia kitu cha kuwaachia wanawe.

Ni kweli jimbo la Washington limefaidika na ubaguzi wa Oregon?

Kwa sehemu, ndiyo, na sababu ni George Bush. (Hana uhusiano na marais wenye jina hilo.) Alikuwa mfugaji Mweusi mwenye uwezo, mke wake Isabella akiwa mzungu. Mwaka 1844 walifunga safari kutoka Missouri pamoja na rafiki yao mzungu Michael Simmons na familia nyingine, na Bush aliwasaidia baadhi yao kwa mali yake. Walipofika wakakuta sheria ya viboko imeshapita. Kundi zima likaamua: kama Bush hatakiwi hapa, nasi hatukai. Wakavuka kwenda kaskazini ya Mto Columbia, ambako mkono wa serikali ya muda haukufika vizuri na ambako Uingereza bado ilikuwa inadai nchi ni yake. Mwaka 1845 wakaanzisha makazi kwenye ncha ya kusini ya ghuba ya Puget, mahali panapoitwa sasa Tumwater, katika jimbo la Washington.

Yalikuwa miongoni mwa makazi ya kwanza ya Wamarekani upande ule. Mwaka mmoja baadaye mpaka ulipochorwa kati ya Uingereza na Marekani, eneo hilo likaangukia Marekani. Wanahistoria hubishana makazi hayo yalichangia kiasi gani, lakini kinaya chake kinabaki palepale.

Bush alistawi. Mwaka 1852 nafaka ilipokuwa adimu na walanguzi wakimtaka awauzie yote, aligawa chakula na mbegu kwa wahamiaji waliofika mikono mitupu. Kisheria, hata hivyo, shamba lake halikuwa lake. Ilibidi majirani wapeleke maombi, na mwaka 1855 Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu kwa ajili yake yeye na mkewe kumiliki ekari zao 640. Mwanawe, William Owen Bush, aliingia katika bunge la kwanza la jimbo la Washington mwaka 1889.

Kulikuwa na watumwa Oregon pamoja na katazo lile?

Walikuwepo. Katazo lilikuwa kwenye karatasi, na hakukuwa na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kulitekeleza. Kesi ya Robin Holmes ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi.

Holmes na mkewe Polly waliletwa Oregon mwaka 1844 na Nathaniel Ford, kutoka Missouri. Ford aliahidi kwamba wakimsaidia kufungua shamba atawaachia huru. Miaka ikapita. Mwaka 1849 Holmes alipelekwa na mtoto wa Ford kwenye migodi ya dhahabu California. Aliporudi, Ford aliwaachia yeye, Polly na mtoto mchanga, lakini watoto wengine akawazuia. Mmoja wao, Harriet, alifariki mwaka 1851. Mwaka 1852 Holmes, mtu asiyejua kusoma wala kuandika, alimfungulia Ford kesi kudai wanawe.

Ford alikuwa mtu mwenye jina, mwanasiasa. Kesi ilizungushwa zaidi ya mwaka, majaji wakiisukuma mbele. Hatimaye ilimfikia George Williams, jaji mkuu mpya wa eneo hilo, na Julai 1853 akaamua: Oregon haina sheria inayoruhusu utumwa, kwa hiyo hakuna mtumwa, watoto warudi kwa wazazi wao. Williams huyohuyo mwaka 1857 aliandika barua ndefu gazetini kuwashawishi wapiga kura waukatae utumwa, na hoja zake zilikuwa kwamba hauna faida kwa mkulima wa Oregon. Utu wa mtumwa haukuwa mada yake.

Kesi haikumaliza kila kitu. Inasimuliwa kwamba Reuben Shipley, Mweusi aliyekuwa ameshatoka utumwani, alipotaka kumwoa Mary Jane, binti wa Holmes, alidaiwa na Ford dola 700 kwanza, akalipa. Mahakama ilishasema binti huyo yuko huru. Hayo hayakuwa mahari, maana mahari hulipwa kwa wazazi.

Letitia Carson ni nani, na mbona jina lake limesikika sana siku hizi?

Kwa sababu nyaraka za mahakama zilizomhusu zilikaa makabatini muda mrefu, na sasa zimesomwa.

Alizaliwa utumwani Kentucky. Mwaka 1845 alivuka bara kutoka Missouri pamoja na David Carson, mhamiaji kutoka Ireland, na binti yao Martha alizaliwa njiani. Walilima na kufuga katika bonde la Mto Willamette, wakapata na mtoto wa kiume, Adam. David alifariki mwaka 1852 bila wosia. Jirani yao Greenberry Smith aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akashikilia kwamba Letitia hakuwa mke bali mtumwa, hivyo yeye na watoto hawana haki ya chochote. Mali ikapigwa mnada, na Letitia akalazimika kununua baadhi ya vyombo vyake mwenyewe.

Akamshtaki. Mwanamke Mweusi, katika eneo ambalo halikutaka hata awepo, mbele ya baraza la wazungu watupu, akidai ujira wa miaka yake ya kazi. Mwaka 1855 akashinda dola 300 na gharama za kesi. Hakuishia hapo. Akafungua kesi ya pili, ya ng'ombe wake waliouzwa, na mwaka 1856 akashinda dola 1,200. Ukiniuliza ni nani katika historia hii yote ningependa kumsikia akizungumza, ni yeye.

Alihamia kusini, kaunti ya Douglas. Mwaka 1863 aliomba ardhi chini ya sheria mpya ya makazi iliyotiwa sahihi na Rais Lincoln, sheria ambayo haikutaja rangi, akijitambulisha kuwa mjane na mama wa watoto wawili. Hati ikatoka mwaka 1869. Hakuna mwanamke mwingine Mweusi anayejulikana kupata ardhi Oregon kwa njia hiyo enzi zile.

Kweli kuna mtu aliyejikomboa kwa kupiga fidla?

Yuko. Louis Southworth, mzaliwa wa Tennessee, alifika Oregon mwaka 1853 akiwa mtumwa wa James Southworth. Alifanya kazi migodini, akagundua kwamba wachimbaji wenye dhahabu mfukoni na nyumbani mbali hulipa vizuri wakipigiwa muziki. Aliweka senti kwa senti mpaka dola 1,000, akajinunua. Kumbuka kwamba Oregon ilikuwa imeshasema utumwa haupo. Alilipia kitu ambacho kisheria kilikuwa tayari chake.

Baadaye alikuwa mhunzi, akajifunza kusoma ukubwani, na mwaka 1880 akachukua ardhi karibu na Waldport, ufukweni mwa ghuba ya Alsea, ambako alivusha watu na mizigo kwa boti na kutoa kiwanja cha shule. Kanisa lake lilimtaka aachane na fidla kwa kuwa ni chombo cha anasa. Aliona bora aachane na kanisa. Alifariki mwaka 1917.

Maisha ya Weusi mjini Portland yalikuwaje?

Yalianza na ugomvi wa shule. Mwaka 1867 fundi viatu William Brown alipeleka watoto wake shule ya umma, wakakataliwa. Badala ya kuwapokea, wakuu wa shule walifungua shule ndogo ya Weusi peke yao. Mwaka 1872 ikafungwa na watoto wakachanganywa na wengine.

Kilichokuza jamii hiyo ni reli. Wapagazi, wapishi na wahudumu wa mabehewa ya kulala walikuwa Weusi, na mwaka 1890 hoteli kubwa ya Portland Hotel ilileta wahudumu Weusi kwa makumi kutoka Kusini. Mwaka 1906 W. D. Allen akafungua Golden West, hoteli ya Weusi hatua chache kutoka stesheni kuu, yenye mgahawa na kinyozi ndani. Mpagazi aliyekuwa akihudumia wazungu wiki nzima hapo alihudumiwa yeye. Mwaka 1903 lilianza gazeti la The Advocate, ambalo kwa miaka mingi lilihaririwa na Beatrice Morrow Cannady, mwanamke aliyezunguka shuleni na makanisani akitoa hotuba na kupigania kipengele kile kiondolewe katibani. Tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, lilianza Portland mwaka 1914.

Nje ya Portland kulikuwa na mji wa Weusi?

Mji wa Weusi watupu, hapana. Lakini kulikuwa na Maxville, kambi ya wakata magogo kaskazini-mashariki katika kaunti ya Wallowa. Kampuni ya mbao kutoka Missouri iliianzisha mwaka 1923 na kuleta wafanyakazi Weusi na familia zao kutoka Arkansas, Mississippi na kwingineko Kusini, ingawa kipengele cha katiba kilikuwa bado kipo. Walitengwa kwa nyumba na kwa shule, lakini msituni walishika misumeno pamoja na wazungu. Kampuni iliufunga mji mwaka 1933.

Kipengele hicho kilitolewa lini katibani?

Mwaka 1926, kwa kura ya wananchi, baada ya jaribio la 1900 kushindwa kwa chini ya kura 1,000. Mwaka uliofuata likaondolewa pia katazo la Weusi kupiga kura. Vyote viwili vilikuwa vimeshakufa kisheria tangu Marekebisho ya 14 na 15 ya katiba ya Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kuhusu marekebisho hayo, Oregon iliyavuta kama mtoto anayeburuzwa shule. Iliridhia la 14, la uraia na usawa mbele ya sheria, mwaka 1866, ikajitoa mwaka 1868, ikaridhia tena mwaka 1973. La 15, la haki ya kupiga kura, ililikataa mwaka 1870 na kuliridhia mwaka 1959. Sheria iliyokataza ndoa za wazungu na Weusi ilidumu hadi 1951. Na mabaki ya maneno ya kibaguzi katika katiba ya jimbo yalifutwa mwaka 2002 kwa kura. Zaidi ya robo ya wapiga kura walisema hapana.

Weusi wengi wa Portland wa leo wametokana na hawa wa mwanzo?

Wachache. Wengi walikuja Vita Kuu ya Pili, kufanya kazi katika viwanda vya meli vya mfanyabiashara Henry Kaiser. Waliwekwa Vanport, mji wa nyumba za haraka bondeni kando ya Columbia, ambao mafuriko yaliufuta tarehe 30 Mei 1948. Hiyo inahitaji maswali na majibu yake yenyewe.

Kuna mahali pa kwenda kuona?

Fort Clatsop imejengwa upya karibu na Astoria. Jengo la Golden West bado limesimama katikati ya Portland. Mjini Joseph kuna kituo cha kumbukumbu za Maxville. Kijito kilichokuwa kikiitwa kwa tusi la rangi karibu na Waldport sasa ni Southworth Creek. Sanamu ya York haipo tena: ilitokea ghafla juu ya kilima cha Mount Tabor, Portland, Februari 2021, aliyeiweka bila kujitaja, na kabla ya Agosti ilikuwa imeangushwa na kuvunjika.

Mimi ningeanzia makaburi ya Mount Union, karibu na Corvallis. Kiwanja kilitolewa na Reuben Shipley na Mary Jane, yule binti wa Holmes, kutoka shamba lao, mwaka 1861, kipengele cha katiba kikiwa na miaka miwili tangu kianze kazi. Walikitoa kwa sharti moja, kwamba na Weusi wazikwe humo.